Ada ya Rubani

Katika milima ya Umatengo kahawa ndiyo iliyosomesha watu. Apitaye Mbinga akawaona walimu, waganga na makarani waliotoka katika vijiji vya mabonde yale, na ajue kwamba nyuma ya kila mmoja wao ipo mibuni iliyopaliliwa na mama na kuchumwa na watoto wakati wa likizo. Kwa miaka mingi ada iliyotoka katika mibuni hiyo ilikuwa ya masomo ambayo mzazi aliweza kuyapima mwenyewe. Mtoto alirudi nyumbani akasoma barua ya mjomba mbele ya wazee, akapiga hesabu ya kilo na bei, na baba akajua kwamba fedha yake haikupotea.

Siku hizi yapo masomo ambayo mzazi huombwa kuyalipia bila ya kuwa na njia yoyote ya kuyapima. Mojawapo ni ya urubani wa ndege za abiria, na hasa ile hatua ya mwisho ambayo ni fupi kuliko zote lakini gharama yake humshtua kila aisikiaye. Katika insha hii nataka kufuata historia ya maswali mawili. Tangu ndege zilipoanza kuruka Afrika Mashariki, ni nani aliyemlipia rubani masomo yake? Na ni nani aliyepima kama masomo hayo yalikuwa mazuri? Kwa maoni yangu maswali haya ni mapacha. Ukimtenga mlipaji na mpimaji, gharama yake huja kulipwa na abiria.

Kwanza tueleweshane juu ya hatua hiyo. Rubani hapewi leseni moja ya kurusha kila ndege. Huanza na ndege ndogo ya injini moja, akahamia ya injini mbili, na baada ya kuruka saa 200 hivi, au pungufu kidogo katika vyuo vilivyoidhinishwa rasmi, aweza kupata leseni ya biashara. Lakini leseni hiyo peke yake haimruhusu kushika usukani wa Boeing wala Airbus, wala wa pangaboi la abiria 76 lile linalotua Songea. Kwa kila aina ya ndege kubwa ni lazima asome upya na kufaulu mtihani wa ndege hiyo hasa, na kufaulu huko huandikwa katika leseni yake. Hicho ndicho nitakachokiita kibali cha aina ya ndege. Masomo yake huchukua wiki kadhaa tu: darasani kwanza, halafu ndani ya simuleta, yaani chumba cha chuma kinachoigiza ndege kwa kila hali, na mwisho kwa mwanafunzi mgeni, kutua na kuruka mara kadhaa kwa ndege yenyewe isiyo na abiria.

Watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa hawatakiona kibali hicho kuwa jambo geni. Kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na Liuli kila mtu anajua kwamba aliyekulia katika mtumbwi wa gogo hakabidhiwi boti la mashine siku ile ile, sembuse wakati upepo wa mwera unapopanda kutoka kusini na kuligeuza ziwa kuwa bahari. Kila chombo kina tabia yake, na tabia hiyo haisomwi katika chombo kingine. Mwezi Julai 1946, meli ya Vipya, iliyokuwa mpya na bado katika safari zake za mwanzo, ilizama kwa dhoruba upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na watu 145 wakafa.

Ziwa hilo hilo lina mfano mwingine unaohusu masomo zaidi. Mwaka 1901 wamisionari wa Kianglikana waliteremsha majini meli yao iliyoitwa Chauncy Maples, kwa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuungwa tena kandokando ya maji. Haikuwa meli ya kubeba watu tu. Ilikusudiwa iwe pia hospitali na chuo cha walimu kinachoelea. Misheni ndiyo iliyolipia masomo ya walimu wake, na misheni hiyo hiyo ndiyo iliyowapeleka katika shule za vijiji. Mwalimu akiwa hodari, misheni ilineemeka; akiwa mbovu, aibu na hasara vilikuwa vyake. Kwa hiyo haikuhitaji kuambiwa na mtu wa nje kwamba chuo chake ni kizuri au ni kibaya. Mlipaji na muonjaji walikuwa mtu mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika urubani ulipoingia kwetu. Kati ya mwaka 1949 na 1950 ndege za majini za shirika la Uingereza la BOAC, zilizosafiri kutoka Southampton hadi Johannesburg, zilikuwa zikitua juu ya Ziwa Nyasa lenyewe, huko Cape Maclear, kusini kabisa mwa ziwa. Marubani wengi wa kizazi kile walikuwa wamefundishwa katika Vita Kuu ya Pili kwa fedha za serikali zao, na baadaye mashirika yao yakawafundisha ndege mpya kila zilipoingia. Haikumwingia mtu akilini kwamba kijana angeagizwa akajinunulie mwenyewe kibali cha ndege ya mwajiri.

Kwa upande wetu Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, likimilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo za mabawa mawili, likaingia katika DC-3, na kufikia mwaka 1960 lilikuwa na jeti aina ya Comet. Baadaye zikaja Friendship, Super VC10 na DC-9. Kila ndege mpya ilimaanisha kibali kipya kwa kila rubani, na shirika ndilo lililolipa, kwa kuwa ndege zilikuwa zake. Tatizo la wakati ule lilikuwa jingine: waliokaa mbele ya usukani walikuwa karibu wote Wazungu. Baada ya uhuru serikali zetu zikawa na haja ya kuwaweka vijana wa Kiafrika katika viti vile, na kumtuma kila mmoja ng'ambo ilikuwa gharama kubwa.

Ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza rasmi Desemba 1967, ilipoanzisha mwaka 1971 shule ya urubani huko Soroti, Uganda. Shule hiyo ilikuwa mali ya nchi tatu, na wanafunzi wake walikusudiwa kuzitumikia nchi hizo hizo. Kijana wa mkulima aliyefaulu vizuri hesabu na fizikia aliweza kuchaguliwa bila ya baba yake kuulizwa ana mibuni mingapi. Kile kilichopimwa kilikuwa kichwa na macho yake, si mfuko wa ukoo wake.

Utaratibu ule nao ulikuwa na kasoro zake. Nafasi zilikuwa chache, na kitu cha serikali hakikosi watu wa kukipigania kwa njia za pembeni. Hata hivyo ulikuwa na nguvu moja kubwa. Shirika lililompokea mhitimu wa Soroti lilikuwa na wakufunzi wake na watahini wake, na mtu asiyefaa aliweza kurudishwa nyuma au kuachwa, maana hakuna aliyekuwa amelipa akadai chake.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na shirika lile likafa. Shule ya Soroti ikabaki katika ardhi ya Uganda, ikapita katika vita na machafuko ya miaka iliyofuata. Tanzania ikaanzisha Shirika lake la Ndege mwezi Machi mwaka huo huo, na baada ya muda mfupi likapata Boeing 737. Serikali ikaendelea kuwa mlipaji, lakini ilikuwa serikali yenye mzigo mzito na mfuko mwembamba. Miaka ya 1990 ilipoingia na soko likafunguliwa, makampuni binafsi yakazaliwa, Precision Air ikiwa mojawapo mwaka 1993. Shirika la taifa nalo likadhoofika; mwaka 2002 sehemu ya hisa zake ikauzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, na ndoa hiyo haikudumu hata miaka mitano. Katika miaka ile ya ukame kijana mwenye kiu ya kuruka hakuwa na mlango wa kubisha isipokuwa ule wa wazazi wake.

Sisi hatukuwa peke yetu. Huko Marekani na Ulaya, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, makampuni yaliyokuwa yakishindana kwa nauli ndogo yaligundua kwamba vijana wanaotaka kuwa marubani ni wengi kuliko viti. Yakaanza kuwatwika wao gharama ya kibali. Vyuo vya binafsi vikaongezeka. Yakatokea hata makampuni ambayo kijana alilipa ili aruhusiwe kukaa kiti cha rubani msaidizi na kujikusanyia saa. Mtu aliyekuwa mfanyakazi akageuka mteja, naye mteja, kama tunavyojua sokoni, haambiwi kwa urahisi kwamba hafai.

Hapa inafaa tukumbuke simuleta ilitoka wapi, maana historia yake inaonyesha kile hasa tunacholipia. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda, aliunda kindege cha kufundishia kisichoondoka sakafuni, kilichoinama na kugeuka kwa nguvu ya hewa kama ile iendeshayo vinanda. Kwa miaka kadhaa jeshi halikukijali. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ililipa jeshi kazi ya kubeba barua kwa ndege, usiku na katika hali mbaya ya hewa, kazi ambayo marubani wake hawakuizoea. Katika wiki chache wakafa marubani kadhaa. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link. Tangu siku hizo fikra haijabadilika: simuleta ipo ili mtu akutane na ajali kabla haijatokea, akosee, na atoke mlangoni akiwa mzima. Mafunzo yanayomwonyesha mwanafunzi anga tulivu tu yamemnyima kile alichokuja kununua.

Matukio mawili ya karne hii yanaonyesha hasara ya kukinyima. La kwanza lilitokea tarehe 12 Februari 2009, karibu na mji wa Buffalo, Marekani. Pangaboi la aina ya Q400, ndiyo aina hiyo hiyo inayokuja Songea, lilianguka likikaribia kutua, na watu 50 wakafa, akiwemo mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Mwendo ulikuwa umepungua mno, usukani ukatetemeka kumwonya rubani, naye akauvuta wakati ambapo alipaswa kuusukuma mbele. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani huyo alikuwa ameshindwa mitihani ya kuruka zaidi ya mara moja, na kwamba aliwahi kupitia mpango wa kujilipia mwenyewe ili apate saa katika kiti cha rubani msaidizi. Wachunguzi waliona pia kwamba mafunzo ya kampuni yake yalieleza darasani ule mtambo unaosukuma usukani wenyewe ndege inapokaribia kuishiwa nguvu ya kuelea, lakini hayakuwapa marubani nafasi ya kuuhisi kwa mikono ndani ya simuleta. Sisemi kwamba kujilipia ndiko kulikoiangusha ndege, kwani wako marubani hodari wengi waliojilipia. Nasema kwamba vyeti vyake vyote vilikuwa halali siku ile. Mwaka 2010 Marekani ikatunga sheria iliyozaa sharti la saa 1,500 kwa walio wengi wanaotaka kuingia ndege za mashirika ya abiria.

Tukio la pili linatugusa zaidi, maana lilimwaga damu ya Afrika Mashariki. Boeing ilipotengeneza 737 MAX iliwaahidi wanunuzi kwamba marubani wa 737 za zamani hawatahitaji simuleta. Somo fupi la kwenye kompyuta lingetosha. Hiyo ilikuwa hoja ya biashara, maana siku za simuleta ni fedha. Kampuni moja ya Marekani iliahidiwa hata punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo simuleta ingehitajika. Lakini ndani ya ndege ile mlikuwa na mtambo uliokuwa ukiinamisha pua yenyewe, na habari zake hazikuwekwa katika vitabu vya marubani. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ikaanguka Indonesia, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ikaanguka mara baada ya kuondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi, wakafa 157, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa taifa jingine lolote. Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote. Ziliporuhusiwa tena Marekani mwezi Novemba 2020, sharti mojawapo lilikuwa kwamba kila rubani aingie kwanza simuleta. Lile somo lililokwepwa kwa ajili ya fedha lililipiwa kwa roho za watu 346.

Nchi yetu nayo imo katika hadithi hii. Kuanzia mwaka 2016 Shirika la Ndege Tanzania lilifufuliwa kwa Q400 mbili. Mwaka 2018 zikaja Boeing 787 na Airbus A220, na mwaka 2023 Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX. Kwa aliyezisoma kurasa hizi mpaka hapa, orodha hiyo ina maana nyingine zaidi ya fahari: ni aina tano za ndege, na kwa kila aina ni lazima pawe na marubani waliofundishwa na kutahiniwa.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenishughulisha mtu kama mimi, ambaye ndege huitazama kutoka chini. Wamatengo walikuwa na desturi iitwayo sengu: watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na papo hapo wakazungumza mambo ya mashamba, ya ndoa na ya watoto. Chungu cha pamoja kimekwisha katika nyumba nyingi, lakini kikao kimebaki. Katika kikao kimoja cha ukoo wetu lililetwa ombi la mtoto wa ndugu yangu, kijana mwenye leseni ya biashara aliyoipata kwa jasho la wengi. Chuo kimoja cha nchi za nje kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea kibali cha jeti kwa dola 25,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 60. Baba yake alikuwa tayari kuweka rehani shamba.

Tulipiga hesabu kwa lugha tunayoielewa. Hata bei ya kahawa ya maganda ikifika shilingi 6,000 kwa kilo, hizo ni tani kumi za kahawa, kabla ya kuondoa mbolea, dawa na vibarua. Mzee mmoja akauliza, "Na akimaliza, ndege iko wapi?" Kijana akajibu kwa heshima, "Baba mkubwa, nikiwa na kibali ndipo watanitazama." Mzee akasema, "Basi tunanunua kutazamwa." Hakuna aliyecheka.

Mwisho kikao kiliniagiza mimi na kijana tukiandikie chuo maswali, nasi tukamtafuta rubani mstaafu aliyetusaidia kuyapanga. Nayaweka hapa kwa sababu yaweza kumfaa mzazi mwingine.

Je, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yetu inakitambua chuo na cheti chake? Simuleta ni ya daraja gani, na ni ya ndege ya aina na toleo lile lile? Madaraja ya simuleta kamili huanzia A hadi D, na D ndilo la juu kabisa. Ni saa ngapi mwanafunzi atashika usukani mwenyewe, na ngapi atakaa akimsaidia mwenzake? Maana saa za simuleta hugawanywa kwa wawili, na tangazo huweza kuzihesabu zote. Mkufunzi aliirusha lini mara ya mwisho ndege hiyo kazini? Mtahini analipwa na nani, naye ndiye aliyefundisha? Je, kutua kwa ndege yenyewe kumo katika ada au kutalipiwa kando? Na wanafunzi wangapi walirudishwa nyuma au kushindwa mwaka uliopita?

Swali la mwisho ndilo lililonifundisha zaidi. Chuo kilijibu karibu yote vizuri, lakini kuhusu walioshindwa kiliandika kwa majivuno kwamba kila anayeingia hutoka na cheti. Yule rubani mstaafu alilisoma jibu hilo mara mbili, akairudisha karatasi mezani. Alisema chuo ambacho hakuna anayeshindwa si chuo cha walimu hodari, ni duka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu, alisema, ameanza kulitia maji kabla hata ya kusifiwa.

Alituongezea jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Kibali cha aina ya ndege si shahada ya kutundika ukutani. Ni ustadi wa mikono, nao huchakaa. Asiyeruka ndege hiyo lazima athibitishwe tena kwa mtihani kwa gharama mpya, na waajiri hutazama sana saa alizoruka mtu katika aina hiyo hivi karibuni. Kununua kibali bila ya kazi mkononi ni kama kuchuma kahawa mbivu bila ya kuwa na mashine ya kukobolea: kinachofuata ni kuoza.

Kikao hakikumkatalia kijana. Shamba halikuwekwa rehani. Ukoo ulichanga sehemu ya fedha ikawekwa benki kwa sharti moja, kwamba itatolewa siku atakapoleta barua ya mwajiri anayemhitaji kwa ndege inayojulikana, na anayekubali kubeba angalau sehemu ya ada hata kama atamfunga kwa mkataba wa kumtumikia kwa miaka kadhaa. Kijana alihuzunika, nami nilimwelewa. Kwa sasa anarusha ndege ndogo za watalii na kujiongezea saa.

Sharti lile, nikilitazama kwa jicho la historia, halikuwa la ubahili. Lilirudisha kile kilichovunjika. Kampuni inayotoa fedha yake kwa ajili ya mafunzo ya rubani itajali ni chuo gani, ni simuleta gani, na itamtuma mtu wake akaonje. Ethiopia, ambayo shirika lake nalo lilianza safari mwaka 1946 sawa na lile letu la Afrika Mashariki, haikuiacha kazi hiyo kwa wengine. Ina chuo chake na simuleta zake, na mataifa mengine hupeleka vijana wao huko. Sisi tulikuwa na Soroti, tukaiacha igawanyike pamoja na nyumba. Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kimepewa jukumu la kukuza mafunzo ya usafiri wa anga nchini kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Ni hatua njema, lakini kibali cha jeti kitaendelea kwa muda kutafutwa ng'ambo.

Mkulima wa Mbinga anaijua shida hii kuliko anavyodhani. Kwa miaka mingi alilima kahawa ambayo hakuwahi kuionja. Aliipeleka ikiwa na maganda katika chama, ikasafirishwa kwenda mnadani Moshi, na huko mtu mwenye kijiko akaivuta mdomoni, akaitema, akaandika daraja. Bei ikarudi Mbinga kama amri. Aliyenufaika ni yule aliyejua ladha. Ndiyo maana siku hizi wako wakulima wanaojifunza kuonja, wasije wakaambiwa tu.

Mzazi anayeuza kahawa kumlipia rubani naye yumo katika hali hiyo hiyo: fedha ni yake, lakini kijiko kiko kwa mwingine. Hawezi kuwa mtaalamu wa ndege, wala hahitajiki kuwa. Anachoweza ni kukataa kulipa mpaka apatikane muonjaji asiye muuzaji, awe mwajiri, awe mamlaka ya serikali, au awe rubani mzee asiye na faida katika jambo hilo. Ada ambayo haina muonjaji si ada ya elimu, hata ikitolewa risiti.